Alichokikimbia Meja Mramba

Kwako Bi Arafa,

Hodi ukumbini kwako gazetini. Nisaidie, maana kila ninayeweza kumuuliza huku kwetu ni mtu anayehusika, nami nataka sikio la mtu asiyetujua. Mimi ni mjane, naishi Golbanti, na marehemu mume wangu alikuwa Meja Josiah Mramba, jina ambalo ukilitaja sokoni Garsen utaonyeshwa njia ya kuja kwangu kabla hujamaliza kulitamka.

Acha kwanza nikueleze alivyokuwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na miguu yake ilionekana kama haimalizi kugusa chini, miguu aliyoizoeza hapa hapa kwenye mashamba ya mpunga ya baba yake, akiruka mfereji huu, akiruka ule, mama yake akimpigia kelele kwamba atabomoa matuta, na alipoandikishwa jeshini wakamwona wakamtia kwenye mbio za kuruka viunzi na maji, akaiwakilisha timu ya jeshi miaka mingi huku vyeo navyo vikipanda, luteni, kapteni, mpaka meja. Mimi nilimwona mara ya kwanza uwanjani Mombasa, amevaa fulana nyeupe, wenzake wakitua majini na kurusha maji kila upande, yeye akatua ukingoni kimya kama korongo, nikajiambia, huyo ndiye, na kweli akawa ndiye.

Alipostaafu tulirudi nyumbani, na kila alfajiri alikuwa akikimbia juu ya tuta la mto mpaka karibu na Ngao na kurudi. Saa hizo ukungu hutoka mtoni ukafunika chini, kwa hiyo ukisimama mlangoni huoni miguu yake, unaona kifua na kichwa tu vikielea juu ya weupe ule, na nyuma yake vichwa vidogo vya watoto, wa sisi wakulima na wa wafugaji wa ng'ambo ya malisho, maana hata miaka ile tulipokuwa hatusalimiani yeye alipita katikati ya kijiji chao akikimbia na wakamwitikia. Watu walisema Meja haachi mazoezi. Bi Arafa, hayakuwa mazoezi.

Mume wangu alikuwa hapati usingizi. Tangu atoke vitani Somalia alikuwa hawezi kufumba macho, akiyafumba anawasikia vijana wake ndani ya gari lililowaka moto, wakimwita kwa cheo chake, basi akawa anakimbia mpaka achoke kabisa, kisha mchana anajilaza mkekani kwenye kivuli cha jiko, nami nakaa karibu nimeweka mkono kifuani pake, ndipo anapata kausingizi. Mwishowe nilimshawishi akaenda Mombasa kuonana na daktari wa mambo ya akili, akaenda tena na tena, akapata dawa na mtu wa kuzungumza naye, na ikamsaidia kweli, lakini watu wote waliambiwa anatibiwa goti. Aliniambia, "Dinah, hili libaki kati yetu. Wakijua, wale watoto walio nyuma yangu watamfuata nani?" Nikamwahidi.

Mwaka jana alifariki kwa maradhi ya figo. Tangu hapo kila mchana nikijilaza kwenye mkeka ule namwota, anakuja akikimbia kwa fulana yake nyeupe, mashamba yote yamejaa maji na mbingu imo ndani ya maji, anaruka mifereji bila kishindo wala hahemi, nami naamka nimeshiba furaha, nakiri kwamba siku nyingine hulala mapema ili nimwone. Lakini siku hizi hakimbii. Anasimama juu ya tuta ananitazama, kama mtu anayengoja nimalize kusema jambo.

Sasa shida yenyewe. Shemeji yangu Kaviha, kaka yake Josiah, ameandaa mbio za kumkumbuka Jumamosi ijayo, na mimi ndiye nitakayezungumza, na Kaviha amekwisha kuniambia nitakayosema, kwamba ndugu yake alikuwa askari asiyejua hofu. Na wiki hiyo hiyo amenijia rafiki yangu Sabdio, mama wa Kiorma, wa wale wafugaji, anayeniletea maziwa tangu zamani. Mwanawe Wario alikuwa mmoja wa wale watoto wa nyuma ya Meja, akaingia jeshini kwa sababu yake, na sasa amerudi likizo kutoka mpakani na hazungumzi, halali, alfajiri anashuka mtoni peke yake anasimama maji yakimfika magotini, mahali ambapo sote tunajua kuna mamba, na mama yake akimvuta hageuki.

Sabdio aliniuliza, "Dada, mumeo alitoka vita hivyo hivyo, akarudi anakimbia na anacheka. Mwanangu ana kasoro gani?"

Nikaenda kumwona kijana. Alinisalimu kwa adabu, akatazama chini, akasema, "Mama, mimi si kama Meja. Meja hakuogopa kitu."

Nami nilikuwa na jibu mdomoni, Bi Arafa, nikalimeza. Nilipomgusia Kaviha kwamba vita vilimwathiri hata ndugu yake, alinijia juu, akasema, "Shemeji, huyu ndiye shujaa pekee tuliye naye hapa. Unataka watu waseme alikuwa mwendawazimu?" Nimebaki na ahadi ya marehemu mkono mmoja, na mkono wa pili nimemshika mtoto wa Sabdio. Niachilie upi?

Dinah, Golbanti

*

Dinah dada yangu,

Pole kwa msiba, na pole kwa mzigo ulioubeba peke yako muda wote huo. Barua yako nimeirusha foleni ya wenzako, na watanisamehe. Nilikupigia simu mara tu nilipoisoma, kwa hiyo haya umeshayasikia, ila nayaandika kwa ajili ya nyumba nyingine zenye mtu kama Wario.

Kwanza nikugombeze kidogo. Kijana amesimama kwenye maji yenye mamba, nawe umejilaza mkekani unangoja ndoto ikupe ruhusa! Ndoto zako ni nzuri, wala sikunyimi. Mke aliyependa ana haki ya kuota. Lakini usimpe marehemu kazi ya kuamua. Aliye hai ni wewe.

Ahadi yako naiheshimu. Hebu itazame tena, ukumbuke sababu aliyokupa. Hakusema nifichie aibu yangu. Alisema watoto walio nyuma yake watamfuata nani. Aliwafikiria wao. Sasa mmoja wao anazama kwa sababu anaamini Meja hakuogopa. Ukinyamaza unailinda ahadi hiyo dhidi ya mtu yule yule iliyowekwa kwa ajili yake. Josiah ninayemsoma katika barua yako angekuwa amekwisha fika kwa akina Wario, tena kwa mbio.

Na huyo Kaviha, mwambie mimi nimesema hivi: mtu asiyejua hofu hana la kusifiwa, kwani alishinda nini? Ndugu yake aliamka kila siku na yale aliyokuwa akiyasikia, akavaa viatu, akawasalimu majirani waliogombana na watu wake, akamtunza mkewe, akalea watoto wa wengine. Mwambie kabla ya Jumamosi, ana kwa ana, kwa upole. Unampa habari tu, si kwamba unamwomba ruhusa.

Lakini usianzie jukwaani. Anza na Wario, mwenyewe, faragha. Mweleze yote, la gari, la kutolala, la Mombasa. Usimwambie akakimbie atapona. Mbio zilimchosha mumeo, hazikumtibu. Mpeleke kwa daktari, nenda naye wewe na mama yake, na daktari ndiye atakayewaandikia wakubwa wake jeshini. Mpaka siku hiyo asiachwe peke yake karibu na mto, wala usiku wala alfajiri. Wapangiane zamu nyumbani kwao. Na Jumamosi jina lake lisitoke kinywani mwako.

Nilivyomalizia kwenye simu ni hivi: umenisikia? Basi kata simu, jifunge leso, nenda kwa Sabdio.

*

Dinah ameniruhusu kuongeza haya aliyonitumia baada ya mbio kwisha.

"Bi Arafa, nilikwenda siku ile ile uliyonipigia. Nilimkuta Wario anamfunga ndama, nikamweleza huku akiwa amenipa mgongo, maana niliona ndivyo anavyoweza kusikiliza. Akazidi kukaza fundo la kamba mpaka nikadhani nimekosea. Kisha akauliza, 'Wale vijana walikuwa wakimwita Meja, au kwa jina?' Nikamwambia, walimwita Meja. Akasema, 'Wangu waliniita Wario,' akakaa chini pale pale kwenye majani, akalia, na mama yake akaja akakaa naye.

"Tulikwenda Mombasa sisi watatu. Ameanza dawa, na atarudi kwa daktari tena. Jumamosi nilisema ukweli wa mume wangu mbele ya watu wote. Kaviha aliinamisha uso, nikadhani amekasirika, lakini nilipokaa alinisogezea maji ya kunywa. Halafu mzee mmoja aliyekuwa polisi akasimama bila kuitwa, akasema yeye pia halali tangu zamani, akauliza huyo daktari anapatikana wapi.

"Jana nilipita kwa akina Wario na jua limekwisha kuwa kali. Sabdio alikuwa ameketi mlangoni na fimbo, ananionyesha kwa kidole nisiseme. Ndani mwanawe alikuwa anakoroma. Nikakaa naye pale, tukawa tunawafukuza mbuzi polepole wasije wakamwamsha."