Fatiha Niliyoisoma Ukumbini

Msambweni

Kwa ndugu yangu mpenzi Maryamu, Kipini.

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Namshukuru Mola aliyetuamsha wazima sisi wa huku, na namwomba akuhifadhi wewe na nyumba yako. Magoti yako je? Na maji ya kisima yamerudi kuwa matamu, au bado yana chumvi? Sisi kwa mwili hatujambo. Moyo wangu ndio haujatulia, na ndiyo sababu nimeiacha simu nikashika kalamu: neno hili lataka kusomwa polepole, tena zaidi ya mara moja.

Lamhusu mwanao Rukia, uliyemleta kwangu asome uuguzi, ukaniambia, "Kaka, sina mwingine. Huyu ni amana."

Kuna jumuiya ya Wachina inayofanya mihadhara katika ukumbi mmoja Diani, kueleza maisha ya kwao ya leo. Jioni moja husimulia treni zao, nyingine vyakula, nyingine uandishi wao wa brashi. Rukia hakukosa hata mmoja. Nikadhani anafuata chai na picha. Jumamosi iliyopita shekhe wa kijiji cha Bodo, aliyealikwa kufunga kwa dua, alishikwa na homa, nikaitwa mimi badala yake.

Mzungumzaji alikuwa mama wa Kichina, Kiswahili chake safi kushinda cha mshereheshaji wetu wa kutoka bara. Nikamwuliza kama Mwislamu hupata pa kusali huko. Akanijibu, "Misikiti iko, babu, mingine ya kale sana. Lakini sitakudanganya: kuna miji utakwenda mwendo mrefu kabla hujauona hata mmoja." Ukweli wake ulinipendeza. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Shekhe anataka kwenda! Mkatieni tikiti!" Watu wakacheka, nami nikacheka.

Mwishoni mshereheshaji akasema, "Mzee, kuna vijana wamepata nafasi ya kusoma China. Waombee safari." Nikainua mikono, nikafumba macho kama ilivyo desturi yangu, nikawasomea Fatiha, nikamwomba Mungu awafikishe salama na awarudishe na imani zao. Ukumbi mzima ukaitikia Amin. Nilipofumbua macho, Rukia alikuwa amesimama katika safu ya vijana hao, anajipangusa uso kwa viganja, analia.

Waijua ada yetu, Maryamu. Mzee akishamsomea msafiri Fatiha, radhi imetoka. Kuirudisha ni kumfungia mtoto njia, na ni kuyafanyia mzaha maneno ya Mungu.

Nyumbani nilimwuliza, "Ukanitega kwa Fatiha?"

"Sikukutega, mjomba. Sikujua kwamba wewe ndiwe utakayeitwa. Nilikuwa nikitafuta siku ya kukwambia."

"Na siku hiyo imekosekana muda wote huu?"

"Nilichelea utakataa kabla hujanisikiliza."

Mke wangu akadakia kutoka jikoni, "Shekhe mzima! Wasoma bila hata kumtazama unayemsomea!"

Kweli amenena. Nahofu juu ya upweke wa mtoto huyu, funga yake, na nyama asiyojua imechinjwaje. Nahofu zaidi siku utakayougua wewe, naye yuko mbali. Amana yako nimeitoa mkononi kabla sijakuuliza.

Lakini radhi ya mjomba haiipiti ya mama. Nimemwambia asikubali lolote mpaka afike Kipini, na nitamleta mwenyewe mwezi ukiandama. Shangazi yetu Bi Zainabu msalimie sana, ila usimweleze haya kabla hatujafika. Atalia, nawe utaamua kwa machozi yake. Nisalimie pia maalimu wetu mzee wa chuoni, na jirani yako anayekuchotea maji. Mke wangu na wajukuu wakusalimu.

Tukifika, mkalishe mbele yako umsikilize. Ukimruhusu, msomee Fatiha yako macho wazi, ukimtazama. Ukimkataza, lawama ya Fatiha yangu nitaibeba mimi mbele ya Mola wangu, si yeye.

Ndugu yako akuombeaye kila sala,
Abdalla