Sentimita Nne Nyuma ya Nukta

Jumatatu, 6 Oktoba

Jeometa, mpimaji wetu wa ardhi, ameleta vipimo vya wiki hizi mbili. Bone nane, vigingi vya simenti vilivyopangwa kati ya nyumba zetu na shimo la mgodi. Nimeingiza vipimo kwenye R, programu ya takwimu niliyojifunza peke yangu kwa video, katikati ya kuchaji simu za watu dukani kwangu. Wino wa printa uliisha Agosti, kwa hiyo nimenakili kwenye kaye, daftari langu, kutoka kwenye skrini, kama kawaida. Bone ya saba, mita za kaskazini: 8814452. Kipimo cha kwanza kabisa: 8814452. Shimo liko kaskazini. Kama udongo unatembea, namba hii ndiyo ingesema. Nimeandika "haikutembea". Mara ya tatu sasa. Mwandiko umependeza.

Tata Kabeya, prezida wa komite yetu ya mtaa (mi ni sekretere wake), atapeleka karatasi komini, ofisi ya serikali ya hapa. Wanataka kujua kabla ya mvua: Mama Ngalula abaki kwenye nyumba yake au ahamishwe? Nyumba ya mwisho, pembeni ya shimo, jirani na bone ya saba. Watu tisa ndani.

Jumatano, 8 Oktoba

Mama Ngalula amekuja dukani na vipande vya kioo. Alikuwa amekibandika kwa simenti juu ya ufa wa ukuta wake, ili kivunjike ufa ukifunguka. Kimevunjika.

"Tata Chifre," ndivyo ananiita, kwa sababu ya namba, "hii kioo haikusomaka kaye yako."

Nimemwambia ni joto. Ameniangalia kama mtu anayeangalia samaki wa juzi. Amekusanya vipande vyake, ameondoka. Afadhali angebisha.

Joto! Mi mwenyewe sikujiamini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimetoa kipimo cha kwanza kwenye cha mwisho, nione sufuri, roho itulie. 8814452 kutoa 8814452. Jibu: 0.041.

Nimerudia. 0.041. Nimezima odinatere, kompyuta ya dukani, nimeiwasha. 0.041.

Kisha nimeelewa. Aibu hadi kwenye masikio. Usipoiambia R kitu, skrini inaonyesha tarakimu saba tu. Namba zetu za kaskazini zina tarakimu saba kabla hata ya kufika kwenye nukta. Mita zinaonekana, sentimita zinafichwa. Hazikupotea. Zilikuwa ndani siku zote, zimekaa kimya, na mi nimenakili kile nilichoonyeshwa. Hakuna mwingine wa kumlaumu. Nilitafuta.

Sentimita nne. Kuelekea shimoni.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeiamuru ionyeshe tarakimu ishirini na mbili. Uroho tu. Imetoa 8814452.317999999970198. Kwa robo saa nilijiona napima udongo kuliko malaika. Halafu nikaona jeometa aliandika .318, basi. Nimempigia simu.

"Mashini yangu inafika ku milimita," amesema. "Ile mukia yote ni odinatere inajisemea yenyewe."

Nimesoma, ni kweli. Inahifadhi namba kwa njia yake, karibu sana lakini si sawasawa. Tarakimu kumi na tano za mwanzo ni za kuaminika, zinazofuata ni porojo. Nimeandika options(digits = 10). Zinatosha. Bone ya saba nyuma ya nukta: .277, .284, .297, .318. Kila hatua kubwa kuliko iliyotangulia. Bone zingine saba zinakwenda na kurudi milimita moja, mbili. Jeometa anasema hiyo ni mikono yake inatetemeka.

Basi ni nyumba moja. Moja tu. Nashukuru na ninaogopa, vyote pamoja.

Jumamosi, 11 Oktoba

Karatasi imeshafika komini. Tata Kabeya amewahi, labda mara ya kwanza maishani mwake.

"Sasa nirudie pale niseme nini? Eti sekretere yangu hajue kusoma namba?"

Nimemjibu: ndiyo, Tata, sema hivyo hivyo. Amenuna. Halafu amesema Jumatatu tutaenda wote wawili, nijisemee mwenyewe.

Mawingu mazito magharibi, upande wa Sandoa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Komini. Karani ameweka karatasi mbili pamoja, ya zamani na mpya.

"Namba ni ile ile. Umeongeza tu mukia."

Nimechora nyumba, ufa, bone. Nimechukua rula yake na kumwonyesha sentimita nne. Nimesema kosa ni langu, nimeandika uongo mara tatu bila kujua; sasa tunajua. Sauti ilitetemeka kuliko mikono ya jeometa. Tata Kabeya amekohoa, akasema, "Anasema kweli." Sikutegemea.

Wamemwita jeometa. Saa tisa amepima mbele yetu sote: .331. Milimita kumi na tatu kwa wiki moja tu. Karani hakutaja mkia tena. Amepiga mhuri: Mama Ngalula ahame wiki hii, kiwanja kiko nyuma ya bone ya pili, mbali na shimo.

Jumatano, 15 Oktoba

Tumehamisha. Majirani wote wamebeba: mabati, milango, madirisha, matofali yaliyo mazima. Mama Ngalula anaamuru kama kapita, msimamizi wa wafanyakazi mgodini. Mi nimepewa kabati.

"Beba pole pole, Tata Chifre. Ikianguka utaandika haikutembea."

Watu wamecheka hadi wameweka mizigo chini. Nimecheka pia. Kidogo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mvua siku nne. Alhamisi mchana ukuta wa nyuma wa ile nyumba umeteremka shimoni. Hakukuwa na mtu.

Leo nimepita kwa Mama Ngalula. Wanakaa chini ya mabati na maturubai. Kuta mpya zimefika kiunoni. Alikuwa amepika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Ameuliza udongo wa hapa unasemaje. Nimemwambia: hadi milimita, umetulia. Chini ya milimita sijui.

Amenisogezea maji ya kunawa.

"Ile unajua inatosha. Kula."

Nimekula.