Mchanga Wangu Hauna Mapigo, Nimwambieje Mwanafunzi Wangu?

Shangazi mpendwa,

Nisikilize mpaka mwisho, nakusihi, hata kama jambo langu halihusu ndoa, maana msomaji wako hasa ni mke wangu, kila Jumamosi anakusoma kwa sauti mezani huku mimi nikijifanya nimeshughulika na chai, kumbe masikio yote yako kwako, na nimeona huwapaki watu mafuta kwa mgongo wa chupa, ndiyo maana nimeamua kukuandikia wewe.

Mimi ni profesa, nina miaka sitini na mitatu, nusu ni wa fizikia na nusu ni wa kompyuta, sitanii, ndivyo mkataba wangu unavyosema. Nina ofisi mbili katika majengo mawili yanayotazamana, funguo mbili na wakuu wa idara wawili, na kila idara ikiwa na kikao hudhani niko kwenye kikao cha ile nyingine, jambo ambalo, Mungu anisamehe, limenipa alasiri nyingi za amani. Nilianza kama mwanafizikia katika maabara isiyo na vifaa vya maana zaidi ya kompyuta moja, nikaona badala ya kusubiri vifaa nitaifundisha hiyo kompyuta ijifanye mchanga, nikanogewa, sikutoka tena. Shemeji yangu alinionya kwamba njia mbili zilimshinda fisi, na kweli nilichelewa kupanda cheo miaka tisa, kwa sababu wanafizikia wakisoma makala zangu walisema hii ni kompyuta, na watu wa kompyuta walisema huu ni mchanga. Wanafunzi wananiita Popo, si ndege si mnyama, wanadhani sijui.

Kilichoniokoa ni huo huo mchanga. Nilitaka kujua kwa nini punje zikimwagwa kwenye faneli hukwama zenyewe, zikaachia, zikakwama tena, na programu yangu ikanionyesha kwamba hazikwami ovyo, zina mapigo, tena yenye nguvu na ya haraka, kama moyo wa mtu aliyepanda ngazi. Makala ile ilipendwa na idara zote mbili, mara ya kwanza na ya mwisho kukubaliana kuhusu mimi. Wakati ule tulikuwa na fundi wa maabara, sasa amestaafu, akatengeneza faneli ya bati akamwaga mchanga halisi siku nne mfululizo, akaja kuniambia mapigo anayaona lakini ni hafifu na ya polepole. Nikamjibu kwamba faneli yake imepinda. Akacheka, akasema, "Profesa, mchanga hausomi programu yako." Nikaona ni maneno ya fundi tu.

Sasa Shangazi, mwakani nastaafu na nimeambiwa nirudishe ofisi moja, basi mwezi uliopita nikawa nasafisha droo na kuiandika upya ile programu kwa lugha wanayotumia vijana wa leo, mstari kwa mstari. Kila punje ikigongana na mwenzake, programu huchukua namba ya kubahatisha ili kuamua punje iruke wapi. Kompyuta ya siku zile ilikuwa na kumbukumbu ndogo, nikaiwekea orodha fupi ya namba, ikifika mwisho inaanza upya, sawa na mtu anayecheza karata siku nzima bila kuzichanganya tena. Na pembeni ya mstari huo niliandika, kwa mkono wangu mwenyewe: "Orodha fupi. Irefushwe baadaye."

Ni miaka ishirini na miwili sasa. Mapigo hayakuwa ya mchanga, yalikuwa ya orodha yangu ikizunguka na kujirudia. Wanafizikia waliikagua fizikia wakaamini namba zimekaguliwa jengo la pili, watu wa kompyuta nao wakaamini vivyo hivyo, na mimi niliyekuwa kote kote, kila nikiwa jengo hili nilimwamini yule mimi wa jengo lile.

Nikairefusha orodha na mapigo yakafa. Nikakaa kitini. Lakini nikajaribu faneli yenye mdomo mpana kidogo, na pale, Shangazi, kuna mapigo mengine yamebaki, hafifu na ya polepole, na nimeyatafuta kila mahali kwenye programu sioni yanakotoka. Naona aibu kusema hili ila nitalisema: nimefurahi, naamka asubuhi nikiwa na hamu ya kwenda kazini kama nilivyokuwa na miaka thelathini, na huku nimeharibu.

Nimeharibu kwa sababu kuna mwanafunzi wangu wa kwanza wa shahada ya uzamivu, sasa ni mhadhiri mwandamizi, ofisi yake iko milango miwili kutoka kwangu, namhesabu kama binti yangu. Kazi yake yote imejengwa juu ya mapigo yale, naye pia yuko nusu huku nusu kule, na mwisho wa mwezi huu kamati za idara zote mbili zitakaa kuamua kama awe profesa. Wamenitaka niandike barua ya kumpendekeza. Alipokuja kuniomba alisimama mlangoni, akasema, "Mzee wangu, andika ukweli tu, usinipambe," kisha akaniuliza tena ile programu ya zamani iko wapi, mara ya tatu mwaka huu, nikasema nitaitafuta, na ilikuwa kwenye droo iliyonigusa magoti.

Nikimwambia sasa nitamkatisha tamaa na kumkosesha cheo, nikinyamaza mpaka apite ndipo niseme nitakuwa nimeutilia saini uongo, mke wangu ananiuliza kwa nini siku hizi natabasamu na kuguna kwa wakati mmoja, sijui nimjibu nini. Nifanyeje?

Popo wa Majengo Mawili

*

Popo,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikaenda jikoni, nikachukua faneli ya kumiminia mafuta na vikombe vitatu vya mchele. Nikaumimina mchele, ukakwama, nikaugonga, ukaachia, ukakwama tena. Binti yangu akaniuliza, "Mama, uko sawa?" Nikamwambia niko kazini. Kwa hiyo usidhani sielewi hiyo furaha yako. Nimeielewa, na sioni aibu iko wapi. Mtu aliyekuta kosa lake akatamani kujua kilichobaki nyuma yake ni mtu mzima kichwani. Aibu iko kwingine, nami nitakuonyesha.

Unasema unaogopa kumkatisha tamaa huyo binti. Baba, huyo si mtoto. Ni mhadhiri mwandamizi, na wewe unamfichia kazi yake mwenyewe ndani ya droo. Isome tena barua yako. Ameomba programu hiyo mara tatu. Mtu haombi programu ya zamani mara tatu kwa kupenda vitu vya kale. Halafu anasimama mlangoni anakwambia andika ukweli, usinipambe. Mtu anayetaka cheo kwa njia ya mkato husema hivyo? Siwezi kuapa, lakini mimi nimezeekea kwenye barua za watu, na nakwambia huyo ana wasiwasi na mapigo yenu kuliko wewe. Anaogopa kumvunja moyo mzee wake anayestaafu. Wewe unamwogopea yeye, yeye anakuogopea wewe, na milango miwili katikati. Badala ya kutembea hatua kumi, umeliandikia gazeti! Maprofesa!

Hilo moja. La pili limenikasirisha zaidi. Fundi wako alimwaga mchanga siku nne, akakwambia mapigo ni hafifu na ya polepole. Wewe leo, baada ya miaka ishirini na miwili, umerekebisha programu na kuniandikia kwamba mapigo yaliyobaki ni hafifu na ya polepole. Umeandika maneno yale yale mara mbili katika barua moja na hukuyaona! Mimi fizikia niliiacha shuleni, ilipoanza mambo ya kapi, lakini kusoma najua. Sisemi fundi amelijua fumbo lako, huenda ni sadfa, kupima ni kazi yenu. Ila mwamba ngoma huvutia kwake, nawe uliivuta ngoma hiyo mpaka ukasikia mdundo wako tu. Mtu pekee aliyegusa mchanga ulimwambia faneli yake imepinda.

Sasa sikiliza, na usianze kunieleza kuhusu kamati.

Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, toa programu kwenye droo na ugonge mlango wa binti yako. Usimtumie ujumbe. Kaa chini, mwonyeshe mstari wenyewe na maneno uliyoandika pembeni, useme, "Kosa hili ni langu." Kisha nyamaza, umwache aseme la kwake. Akilia, vumilia. Akikwambia alishajua, usithubutu kuuliza kwa nini hakusema.

Barua ya kumpendekeza iandike baada ya hapo, tena mkiwa mmekubaliana. Taja kosa, taja ni la nani, taja kazi aliyoifanya ambayo haitegemei mapigo hayo, maana sidhani kama kwa miaka yote hiyo hakufanya jingine, na kama unaijua itaje kwa jina. Na jarida lililochapisha makala yako nalo liandikieni wote wawili, jina lako likiwa juu. Huenda cheo kikachelewa. Sitakudanganya. Wewe ulichelewa miaka tisa, na naona mkono wako bado unaandika. Lakini akipanda kwa barua yako ya uongo, siku itakapojulikana ataanguka yeye, wewe utakuwa nyumbani na pensheni yako.

Kisha nendeni wote wawili kwa fundi. Mwombe radhi kwanza, mbele ya huyo binti, kwa maneno kamili, usiseme "kama nilikukosea". Ndipo umuulize kama ile faneli ya bati bado anayo, na mdomo wake ulikuwa na upana gani. Ningetoa chochote kusikia jibu lake.

Mkeo mwambie leo. Kwa kweli kama ni Jumamosi amekwishasoma mpaka hapa kwa sauti, na anakutazama.

Na mwisho kabisa, fungua ile programu, pale ulipoandika "baadaye". Lifute neno hilo, uandike tarehe ya Jumatatu.

Shangazi