Kipande Chenye Alama ya Kidole Gumba

Jumatatu, 3 Machi

Wamebandika historia ya kiwanda ukutani, kwenye korido, pale tulipokuwa tukitundika aproni. Aproni zimehamishiwa chooni! Mabango makubwa, herufi za dhahabu. Babu mwanzilishi, halafu baba mkwe, halafu shemeji na tai yake. Marehemu mume wangu hayumo. Amepika sabuni ya ukoo huu tangu hajaota ndevu mpaka siku alipoanguka. Nimemtafuta hadi shingo ikauma. Chini kabisa, karibu na swichi ya taa: "pamoja na wapishi wetu hodari". Basi. Ndiye huyo.

Wasichana wa kufungasha walikuwa nyuma yangu. Mmoja akasema, Mama, tazama vizuri, labda yuko nyuma ya swichi. Tukacheka wote. Njia nzima ya kurudi nyumbani nikajiuliza nilicheka nini.

Jumatano, 5 Machi

Nimemfuata yule mwandishi waliyemkodi aandike mabango. Nikamwambia babu hakuleta harufu yoyote "kutoka safari za mbali". Safari gani? Alikuwa akiuza mafuta ya taa! Chungu chake cha kwanza kilikataa kuganda, kikabaki uji. Dobi jirani akamtupia kipande cha sabuni yake kuukuu: chukua, angalau chungu chako kijue sabuni inafananaje. Kikaganda. Na ile harufu ya waridi na maganda ya ndimu ilikuwa ya bibi, alikuwa akitia kwenye maji ya kuogeshea watoto. Ndiyo maana hadi leo kila chungu hutiwa kipande cha chungu kilichotangulia. Tunakiita "mama". Mume wangu alinisimulia haya mara ngapi sijui, huku akinisugua mgongo.

Mwandishi alisikiliza kwa adabu zote. Halafu akasema, lakini mama, mteja hapendi kusikia kwamba babu alishindwa. Nikamwambia alishindwa mara moja tu. Hata hiyo moja, akasema.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji alinijia kwenye meza ya kufungasha. Sherehe ya kiwanda ni Jumamosi ya wiki ijayo, chungu kitapikwa mbele ya wageni, na "mama" haonekani. Amepekua stoo, makabati, mpaka ndani ya mabuti ya kaka yake. Shemeji, hujamwona? Nikajibu, humu kiwandani sijamwona. Si uongo. Humu kiwandani sijamwona.

Yuko bafuni kwangu, kwenye kisahani cha sabuni. Nani atatafuta sabuni kwenye kisahani cha sabuni?

Mume wangu alikuja naye mfukoni ile Ijumaa yake ya mwisho, kama kawaida yake, kwa kuogopa panya wa stoo. Jumatatu hakurudi kazini. Kila chungu alikuwa akikata kipande kikiwa bado laini, anabonyeza kidole gumba katikati, kisha anakiacha kikauke. Hiki ndicho cha mwisho. Sikiogei. Nakinusa tu. Nikiweka kidole changu kwenye lile shimo, kinapwaya.

Najua mwenyewe angekitupa chunguni bila kukitazama mara mbili. Lakini angekata kingine, akabonyeza! Sasa nani atabonyeza? Wanataka kukiyeyusha na mpiga picha amesimama pembeni, na jina la mume wangu halipo hata ukutani.

Jumanne, 11 Machi

Mpishi mpya, binti tunayemwita Bi Kemia, amepika chungu cha majaribio bila "mama". Nilisimama mlangoni na karatasi zangu za kufungia, nikakiambia chungu kimoyomoyo: kataa. Kuwa uji. Mungu anisamehe.

Jumatano, 12 Machi

Kimeganda! Kimekatwa asubuhi, vipande vimenyooka, harufu ni ileile. Bi Kemia alilamba kwa ncha ya ulimi, kama alivyokuwa akifanya mume wangu, kuona kama inachoma. Haichomi. Imeiva. Akaniletea kipande cha kwanza: Mama, nusa, niambie kasoro. Nikanusa. Nikanusa tena. Sikuona. Nilitaka kumchukia mtoto wa watu, nimeshindwa.

Kwa hiyo "mama" hana kazi? Miaka yote hiyo tulikuwa tukitupa sabuni ndani ya sabuni?

Shemeji anachekelea. Eti siku ya sherehe atatupa chunguni kipande chochote, nani atajua. Mimi nitajua. Nimefungasha boksi zima la sabuni juu chini.

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji amekuja nyumbani. Bila tai. Hajakanyaga hapa tangu mazishi. Alianza kuzungukazunguka — watoto hawajambo, naona bati linavuja. Mwisho akasema: kesho nitasimama mbele ya watu nitupe kipande cha uongo. Mkono hautaki, shemeji. Bibi alikuwa akituambia kila aliyepika yumo mle ndani ya kipande, kidogo kidogo. Tukawa tunaogopa kunawa, tusije tukammaliza mtu!

Akacheka. Mimi pia, kidogo. Halafu nikamwuliza: na ukutani? Kaka yako yuko wapi ukutani?

Akalitazama tena bati. Kisha akasema mabango yameshachapwa.

Mabango! Nikainuka kwenda kuinjika chai nisije nikamtukana mgeni. Nikiwa nimempa mgongo akaniuliza pa kunawa mikono ni wapi, mlango wa gari umemtia grisi. Nikasema bafuni, mlango wa kulia. Mdomo ulitangulia akili. Nilipogeuka mlango ulikuwa umeshafungwa.

Bomba halijafunguliwa. Chai imechemka na kuanza kupoa, bomba bado. Nimekaa mezani naandika kwa sababu sijui mikono yangu niiweke wapi. Akitoka nacho nitasema nini? Na asipotoka nacho?

Sasa hivi ameniita, polepole, mlango bado umefungwa:

"Shemeji. Changu hakiingii."

Kidole chake hakiingii, changu kinapwaya. Nimekwenda mpaka mlangoni, nimerudi kuketi. Bomba bado.