Nilimlilia Baba Jikoni Kwangu

Homa Bay, Jumapili

Wifi Lynnet,

Natumaini hamjambo huko Isebania. Huku ziwani dagaa wa omena ni wengi, na mama amerudi shambani na jembe lake.

Najua uliondoka matangani bila kuniaga, kwa kuwa watu walikuambia sikumlilia baba. Wifi, mimi ndiye niliyekuwa nakohoa. Kama mhudumu wa afya kijijini, nilikuwa nimefuatilia jinsi kikohozi hicho kinavyoenea. Ufuoni, tunapoanika omena upepo ukivuma, wanawake thelathini tulifanya kazi pamoja na tukaugua wawili tu. Kwa jirani yetu, wanakolala saba chumba kimoja, waliugua wote. Ningeingiaje kwa mama, na kifua chake kile? Niliomba nyimbo ziimbiwe nje, kisha nikajifungia jikoni kwangu, nikalia nikiwasikia mkiimba.

Wiki tatu sasa, mama hajakohoa hata mara moja. Jana alikuja mwenyewe, akaketi karibu na meko, akasema, "Nyathina, mwanangu, sasa tumlilie mzee pamoja."

Tulilia mpaka chai ikapoa.

Ni mimi wifi yako, nisiyeomba msamaha,
Trizah