Fabiani Ana Kadi, Kazi Hana

Kambi ya Mkonge,
Njia ya Mnyuzi,
Korogwe.
19 Machi 1978.

Mpendwa Kaka Laurenti,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo kaka. Hali yako huko Songea? Na wifi je? Miguu ya mama sasa inamwacha alale? Sisi tu wazima wa mwili, ila mioyo haijatulia.

Barua hii nimempa jirani yetu Eliasi mkononi, anakuja huko kwenye msiba wa kwao. Sikutaka ipite kwa karani, maana siku hizi barua za kambini hufika zimefunguliwa na kubandikwa upya.

Kaka, kipindupindu kimeingia huku. Mwezi jana likatoka tangazo: asiye na kadi ya chanjo hapati kazi wala posho. Shemeji yako Fabiani alitaka kwanza aelezwe. Akamuuliza dresa wa zahanati sindano moja inadunga watu wangapi. Dresa akamjibu, "Kwani wewe daktari?"

Mimi nilikuwa kwenye foleni, Grasiana wangu mgongoni. Mbele yangu alisimama Mzee Mbwana, mnyapara mkuu. Kwa macho yangu nilimwona akipewa kadi yenye muhuri bila kukunja mkono wa shati. Nikatoka kwenye foleni, nikaenda kumwambia mume wangu.

Kesho yake alfajiri, majina yakiitwa, Fabiani akasema mbele ya wote, "Mzee wangu, kama dawa ni njema, mbona wewe umechukua kadi tu?" Tangu hapo jina lake halikuitwa tena.

Wiki mbili tulikula mchicha na mihogo ya kuomba. Mashavu ya Grasiana yakaanza kubonyea. Nikasema moyoni, hiyo dawa siijui, lakini njaa naijua. Nikaenda nikachanjwa pamoja naye, baba yake hana habari. Nikarudi na kadi na vibaba viwili vya unga. Mkono ukavimba hata kufua nikashindwa. Nilidhani Fabiani atanigombeza. Alichemsha maji, akanikanda, akasema, "Kama ni sumu, sitaki kubaki peke yangu."

Jumatatu akaenda. Alipofika mezani, Mzee Mbwana akiwa pale anasimamia foleni, akakunja shati, kisha akasogea kando. "Namsubiri Mzee Mbwana. Wakubwa kwanza." Foleni nzima ikagoma kusogea. Mzee akageuka huku na huku, mwisho akatoa mkono, akadungwa. Akina mama wakapiga vigelegele, na siku hiyo kambi karibu yote ikachanjwa.

Ungedhani yamekwisha. Fabiani ana kadi, ana muhuri, kazi hana. Karani anasema nafasi yake imejaa, na kila siku naona wageni wakiandikwa. Sasa najiuliza, kaka: waliogopa kipindupindu, au mdomo wa mume wangu?

Huko kwenu bado kuna pa kulima? Fabiani hajui kama nakuuliza. Jibu umpe Eliasi, usitie posta.

Nisalimie mama, wifi Bernadina na watoto wote. Mungu awaepushie maradhi, na awape majirani wa kuaminika.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukukumbuka,
Efrazia