Watoto Wamefunga Midomo

Naserian, rafiki yangu,

Sijui barua ya namna hii inaanzaje. Nikikuuliza habari za huko najiona mjinga, na nikiandika marehemu mkono unagoma. Basi nakuita kama nilivyokuita asubuhi zote ulizochelewa kufika hapa shuleni Qurus, viatu vimejaa vumbi na visingizio tayari mdomoni. Naserian, wee.

Jino. Mpaka leo nalitamka hilo neno na halinikai kichwani. Watu wanakufa kwa malaria, kwa pikipiki, kwa uzazi. Wewe umekufa kwa jino. Alhamisi shavu lilikuwa limevimba, ukatafuna karafuu, ukawafundisha watoto kuhesabu mpaka kengele ikalia. Jumapili hospitalini daktari akatutoa nje, mimi na dada yako, akasema usaha ulikuwa umeshuka shingoni na koo likaziba. Nilimwambia kwa adabu kabisa kwamba amekosea mgonjwa. Nilimwambia huyu wetu ni mwalimu wa darasa la awali, ameingia na jino tu. Nilikuwa nimekubebea uji kwenye chupa. Nilipofika nyumbani nikaumimina, na ulikuwa bado wa moto.

Tumekuzika kwenu Engaresero. Upepo ulivuma sana. Mama yako alinishika tu mkono, akawa ananitazama mdomoni.

Jumatatu iliyofuata mazishi nikaingia darasani peke yangu. Baada ya uji nikawapanga ukutani na vikombe vyao, kama ulivyowazoesha. Unakumbuka ulivyoanza jambo hilo? Mwalimu mkuu alisema meno ni kazi ya mama zao. Ulimwitikia vizuri sana, na kesho yake ukaja na vijiti vya mswaki, kila mtoto chake, wakatemea kwenye maua ya huyo huyo mwalimu mkuu. Ulipita nyuma yao mikono mgongoni, ukisema, "Na huko nyuma kuna meno pia." Aliyesugua vizuri alipata "sidai" yako, ile "vizuri" ya kwenu, na hawa wetu wa Kiiraqw wasiojua Kimaasai kingine chochote walikwenda nayo nyumbani kama zawadi. Mmoja alipokuuliza mbona meno yako ni ya kahawia, ulicheka, ukasema hiyo ni rangi ya maji ya kwenu, uchafu ni kitu kingine.

Basi, Jumatatu hiyo hakuna aliyesugua. Walisimama na vijiti mkononi, midomo wamefunga. Nikawabembeleza, nikafoka kidogo, hakuna. Mwishowe Daudi, yule mbishi wako, akanijibu kwa niaba ya wenzake: "Mwalimu Naserian alisugua kila siku." Hakusema kwa utundu. Alikuwa ananieleza tu.

Kumbe hilo lilikuwa dogo. Neema, yule mdogo anayekaa karibu na mlango, aliacha kunywa uji. Nikadhani ni huzuni. Mama yake akaja kuniambia hata nyumbani hali, na akilala anajiziba mdomo kwa kiganja. Nikamchukua pembeni, nikamwomba anionyeshe. Alikataa muda mrefu. Alipofungua, nikaona jino la mbele la chini linacheza. Jino la utoto, Naserian, linalotoka kwa kila mtoto. Akaninong'oneza, "Na mimi langu limeanza. Usimwambie mama, atalia."

Mtoto wa miaka sita alikuwa anangoja kufa, na anamhurumia mama yake. Nikawauliza wengine nani ana jino linalocheza. Mikono ikapanda polepole, mmoja baada ya mwingine, na nyuso zimewaparama. Wote walikuwa wamekaa na siri hiyo tangu tulipokuzika. Mimi niliyeshinda nao kila siku sikuona kitu.

Hapo nikawaambia habari zako, na najua usingependa. Nikasema jino la utoto linatoka kwa sababu jingine linalisukuma, na hilo ni jambo zuri. Nikasema la mwalimu lilikuwa jingine, la nyuma, limetoboka zamani kabla hajajua mswaki, na tundu likishafika ndani kusugua hakulizibi, ni lazima kwenda kwa daktari. Mwalimu hakwenda. Aliogopa. Sikuwaeleza ulivyoshikwa na wajomba ukiwa mdogo wakakung'oa yale meno mawili ya mbele ya chini kwa mila ya kwenu, wala jinsi chuma mdomoni kilivyokutetemesha tangu siku hiyo. Hilo ni lako. Lakini nimekukasirikia, Naserian. Kila nilipokusihi ulisema likizo, na likizo ikija unasema ijayo. Uliwashinda watoto wote wa Qurus kwa hoja, ukashindwa na koleo. Nakulilia na kukugombeza kwa pumzi hiyo hiyo.

Nilidhani nimemaliza. Neema akauliza, "Na wewe mwalimu, unalo lenye tundu?"

Ninalo. La kulia, nyuma. Miezi mingi sasa natafunia kushoto. Ningeweza kumdanganya, ni mtoto, angeamini. Nikasema ninalo. Darasa zima likanitazama mdomoni, kama mama yako alivyonitazama Engaresero.

Kwa hiyo kesho, Jumanne, nashuka Karatu mjini kung'olewa. Nimewaambia Jumatano nitakuwa darasani, nifungue mdomo, kila mmoja achungulie pengo mpaka aridhike. Neema amesema akiniona ndipo atasugua. Wengine wakasema na wao vivyo hivyo. Naogopa, usinicheke. Nimejaribu kulala, nasikia tu sauti ya daktari yule akituita nje. Nikipata homa, gari likikwama, nikikosa hata siku moja, watahesabu kwamba na mimi nimekwenda, na sidhani kama yupo mtu atakayeweza kuwafungua tena midomo hiyo.

Pumzika, rafiki yangu. Usiku mwema huko uliko. Kuja huko nitakuja siku yangu ikifika, lakini si kwa jino. Nakuahidi wewe kama nilivyomwahidi Neema: Jumatano nitakuwepo.

Wako,
Vero